MADEREVA WAKALI NA MFANYAKAZI WA BAISKELI

Kila alfajiri barabara kuu ya M1, ile inayoingia Lilongwe kutoka kaskazini, hujaa baiskeli. Watu hutoka Lumbadzi, Area 25 na vijiji vya kandokando wakielekea Kanengo, kwenye viwanda vya tumbaku, maghala na soko la mnada. Upande wa Dowa, wenzetu wanaokaa Dzaleka nao wako njiani. Wengine wanakwenda vibarua mashambani, wengine sokoni, na kwa wengine baiskeli yenyewe ndiyo kazi: wanabeba abiria kati ya kambi na njia panda ya M1. Kazi hiyo hapa Malawi inaitwa kabaza.

Wote hawa wanagawana lami na malori yenye tela, mabasi madogo na magari ya wakubwa. Katika mikutano ya matawi malalamiko ni yale yale. Dereva amenipigia honi mpaka nikaingia mtaroni. Dereva amenichomekea. Kondakta amenitukana mbele ya mke wangu. Na mara nyingine anayeleta habari si mwenye baiskeli. Ni mjane wake.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 Malawi ilipoteza barabarani watu zaidi ya 30 katika kila wakazi 100,000. Duniani kote, mwaka 2021, waliokufa barabarani walikuwa kama milioni 1.19, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Maana yake ni kwamba wasiokuwa na bati la kuwakinga ndio wanaolipa.

Makala haya yanaeleza mambo matatu: kwa nini dereva anakuwa mkali, mpanda baiskeli afanye nini, na chama kifanye nini. Neno lenyewe ni moja. Ugomvi wa baiskeli na lori haumalizwi barabarani. Barabarani kazi yako ni kufika salama. Ugomvi tuupeleke mahali ambapo sisi tuna nguvu: kituo cha polisi, mkutano wa tawi, na meza ya majadiliano na mwajiri.

DEREVA MKALI NI NANI?

Tusianze kwa matusi. Dereva wa basi dogo la Lilongwe ni mfanyakazi kama sisi, na mara nyingi hana mkataba wala mshahara wa mwezi. Gari si lake. Kila jioni lazima ampelekee mwenye gari hesabu waliyopatana, na kinachobaki ndicho chake na kondakta wake. Kwa hiyo kila abiria anayesimama kando ya barabara ni unga wa nyumbani kwake, na basi la nyuma linamfukuzia abiria huyo huyo. Ndiyo sababu basi hukata kushoto ghafla mbele ya baiskeli bila hata kuwasha taa ya kuonyesha. Wewe hakukuona. Ameona nauli.

Dereva wa lori naye ana hesabu yake. Wengine wanashuka kutoka mpaka wa Songwe, upande wa Tanzania, wamekaa kwenye usukani saa nyingi. Macho yamechoka na tajiri anapiga simu kuuliza mzigo umefika wapi. Anayelipwa kwa safari hutafuta safari nyingi, na anayetafuta safari nyingi hukanyaga mafuta.

Yuko na wa tatu, mwenye gari lake dogo. Huyu hana hesabu ya tajiri. Anaona tu kwamba baiskeli ni alama ya umaskini, na kwamba maskini hupisha. Huyu akumbushwe kwamba barabara haikujengwa kwa ajili ya gari lake peke yake. Baiskeli ni chombo halali cha barabarani, chenye haki na chenye wajibu.

Kuyajua haya hakumsafishi dereva. Anayemgonga mtu kwa uzembe ana hatia, awe na njaa au ameshiba. Lakini kunatusaidia kujua lawama nyingine zipelekwe wapi. Hesabu ya jioni na ratiba ya lori hazipangwi na kondakta anayepiga kelele dirishani. Zinapangwa na wenye magari na wenye mizigo. Na mizigo mingine, ndugu zangu, ni ya waajiri wetu wenyewe.

HESABU YA MWENDO

Mwendo unaoruhusiwa mjini katika Malawi ni kilomita 50 kwa saa. Gari la mwendo huo hupita mita 14 katika kila sekunde moja. Gari la kilomita 80 hupita mita 22. Dereva akishtuka huhitaji kama sekunde nzima kabla mguu wake haujakanyaga breki. Katika sekunde hiyo lori la kilomita 80 limekwisha kula mita 22, yaani urefu wa baiskeli kumi na mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na bado halijapunguza mwendo hata kidogo. Baada ya hapo ndipo breki huanza kushika, na lori lenye shehena huchukua njia ndefu mpaka lisimame.

Tena nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Mtu akigongwa na gari la kilomita 30 kwa saa mara nyingi hupona. Akigongwa na la kilomita 80, kupona ni bahati.

Wengi husema, "Ameniona, atapunguza." Huenda ameniona kweli, na huenda hata anataka kupunguza, lakini gari lake haliwezi tena. Basi usiupime moyo wa dereva, pima mwendo wa gari.

MAHALI PAKO BARABARANI

Kwanza, ni upande wa kushoto. Hili tunalisema hasa kwa wenzetu waliotoka Bukavu, Uvira, Bujumbura au Rwanda, ambako magari hupita kulia. Malawi, kama Tanzania, Kenya na Uganda, hupita kushoto. Mtu anaweza kukaa hapa miaka, lakini siku akishtuka mwili unarudi katika mazoea ya zamani: anatazama upande usiofaa, au anakwepa kuelekea upande ambao gari linakuja. Kabla ya kuvuka tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Mfundishe hivyo mgeni aliyefika Dzaleka wiki iliyopita kabla hujamwazima baiskeli.

Pili, usipande kwa kuelekeana na magari. Wako wanaosema ni bora kuliona gari linalokuja. Hilo ni sawa kwa anayetembea kwa miguu, maana anaweza kuruka pembeni. Wa baiskeli hawezi. Mwendo wako na wa gari vinajumlishwa, na dereva anayetoka njia ya pembeni hatazami upande huo.

Tatu, usijibane kwenye ukingo kabisa. Kando ya lami zetu huwa imemomonyoka, na kati ya lami na udongo mara nyingi kuna ngazi ya kimo cha kiganja. Gurudumu likishuka pale halipandi vizuri, na ukilazimisha kupanda linakuangusha kuelekea kwenye magari. Acha nafasi ya hatua moja kati yako na ukingo. Tena ukijibana sana, dereva huona kuna nafasi ya kupita hata pale ambapo lori jingine linakuja mbele. Ukikaa kwenye nafasi yako, analazimika kufikiri. Kwa usalama wako gari likupite likiwa mbali nawe si chini ya mita moja, na lori zaidi ya hapo.

Nne, nenda mstari mmoja ulionyooka. Usiwe unaingia na kutoka katikati ya magari yaliyoegeshwa. Ukitaka kwenda kulia, geuka utazame nyuma, nyoosha mkono, tazama tena, ndipo uende. Kama magari ni mengi, shuka, simama kando, vuka kwa miguu. Hakuna aibu.

Tano, jihadhari na lori linalopinda kushoto. Lori refu likipinda, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata kona, na aliyeko ubavuni upande wa kushoto hubanwa. Dereva aliye juu huko hakuoni ukiwa karibu na mlango wake wa kushoto. Kwenye makutano kaa nyuma ya lori, au mbele yake mahali anapoweza kukuona. Ubavuni usikae kamwe. Kanuni yake ni hii: usipokiona kioo cha dereva, naye hakuoni.

Sita, ujue upepo wa lori. Lori kubwa likikupita kwa kasi, kwanza hukusukuma nje, kisha hukuvuta ndani. Ukilisikia linakuja shika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, legeza viwiko, punguza kukanyaga, na usubiri tela nalo lipite. Wengi huanguka kwa sababu wamelihesabu lori wakasahau tela.

Saba, mzigo. Gunia la mahindi au la mkaa lililofungwa kwa upana kwenye keria huifanya baiskeli kuwa pana kama gari dogo, na kioo cha basi kikiligusa unazungushwa. Funga mzigo kwa urefu, na uzito uwe chini. Wa kabaza wamwambie abiria mapema akae ametulia na asiteremke kabla baiskeli haijasimama.

DEREVA AKIKUBANA

Sasa tuseme umefuata yote hayo, na bado dereva amekujia na honi, ametoa kichwa dirishani, amekuita majina. Ufanye nini?

Kwanza kabisa, usigeuke kumjibu huku unaendesha. Anayegeuza kichwa hugeuza na usukani, na hapo umekwisha kuhamia njia yake. Tazama mbele, punguza mwendo, mwachie apite. Mpe hizo sekunde tano. Huo si woga. Mwenye baiskeli aliyefika nyumbani amemshinda dereva aliyetaka kumtia mtaroni.

Pili, usipige gari lake kwa mkono wala kulirushia jiwe. Tumewaona vijana waliofanya hivyo. Dereva alisimama, kondakta akashuka, na kijana aliyekuwa na haki asubuhi, ilipofika saa nne alikuwa kituoni akidaiwa kioo. Haki yako isigeuzwe kuwa kosa lako.

Tatu, ukikutana naye amesimama kituoni au kwenye foleni, na moyo wako umetulia, sema naye kwa heshima. Huku Lilongwe neno la Kichewa "achimwene", yaani kaka, hufungua masikio kuliko tusi. Mwambie: "Pepani, achimwene, pale nyuma ulinibana, nina watoto kama wewe." Wengi watacheka, wengine watajibu vibaya, lakini wako watakaokumbuka kesho. Akiwa amelewa, au amekuja na wenzake, usiseme neno. Ondoka.

Nne, na hili ndilo tunalotaka lifanywe kila mahali: shika namba ya gari. Namba, rangi, njia anayofanya, saa na mahali. Ukifika kazini mwombe mwenzako mwenye kalamu aandike, au utume ujumbe kwa simu kwa mjumbe wa tawi. Lalamiko la mtu mmoja ni hasira. Namba moja ikiletwa na watu sita katika mwezi mmoja ni ushahidi, na polisi wa usalama barabarani hawawezi kuupuuza kwa urahisi.

JIONI NA MSIMU WA TUMBAKU

Kuna jambo ambalo watu wa Kanengo wanalijua mwilini ingawa hawajalikalia kulifikiri. Soko la tumbaku hufunguliwa kwenye mwezi wa Machi au Aprili na huendelea mpaka katikati ya mwaka na kupita. Hiyo ndiyo miezi ambayo viwanda vina kazi nyingi, vibarua wengi wameajiriwa, na malori ya marobota yanamiminika M1 kutoka Dowa, Kasungu na mbele zaidi. Na hiyo ndiyo miezi ambayo siku ni fupi. Mwezi wa Juni jua la Lilongwe huzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni.

Hesabuni wenyewe. Zamu ikitoka saa kumi na moja, na mtu ana mwendo wa saa moja mpaka Lumbadzi au kijijini, nusu ya safari yake ni gizani, katika msimu ambao malori ni mengi kuliko wakati wowote. Siku ya mshahara ongeza na walevi. Basi ajali hizi si bahati mbaya tu. Zimepangwa na saa ya kengele ya kiwanda.

Kwa upande wako, usiende gizani bila kuonekana. Mbele weka taa nyeupe, nyuma weka nyekundu pamoja na kioo cha kurudisha mwanga. Kama huna fedha ya taa, kipande cha kitambaa cheupe mgongoni kinasaidia kuliko koti jeusi. Bandika kitu chenye kung'aa kwenye pedali pia, maana kinachopanda na kushuka huvuta jicho la dereva kuliko kilichotulia. Taa kali ikikujia mbele usiitazame. Tazama ukingo wa barabara upande wako wa kushoto mpaka ipite.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, breki za baiskeli zinazoshika kwenye rimu hupoteza nguvu zikilowa. Zibonyeze kidogo kidogo kabla ya mteremko ili maji yatoke. Dimbwi usiloliona chini yake lihesabu kuwa ni shimo.

UKIGONGWA

Sheria inamtaka dereva aliyegonga asimame, asaidie majeruhi, atoe jina na anwani yake, na apeleke habari polisi. Akikimbia ameongeza kosa juu ya kosa. Wewe, au mwenzako aliyeko hapo, fanyeni haya.

Mtoeni majeruhi katika hatari, lakini asiyeweza kusogeza shingo au miguu msimvute ovyo. Andikeni namba ya gari, na jina la kampuni ya bima lililoko kwenye bandiko la kioo cha mbele. Chukueni majina na simu za mashahidi wawili, kwa sababu watu hutawanyika haraka. Mpelekeni hospitali hata kama anasema hajambo, maana kichwa kilichopigwa huanza kuuma baadaye. Huduma ya kawaida katika hospitali za serikali ya Malawi haitozwi ada. Kisha pelekeni habari kituo cha polisi na mdai ripoti. Bila ripoti ya polisi madai hayasimami.

Mara nyingi dereva atasema, "Tusiende mbali, chukua hii ya dawa tumalize." Ndugu, mguu uliovunjika haumalizwi kwa fedha ya dawa. Katika Malawi kila gari lazima liwe na bima ya kuwalipa watu wengine linaowaumiza, na Sheria ya Barabara ya mwaka 1997 inamruhusu aliyeumizwa kuidai kampuni ya bima moja kwa moja mahakamani. Asiye na fedha za wakili aende ofisi ya serikali ya msaada wa sheria, Legal Aid Bureau. Jihadharini na watu wanaozunguka wodini na karatasi za kutia sahihi, wakiahidi kuwaleteeni fidia. Wako waliotia sahihi, wakaja kuona sehemu kubwa ya fedha imeishia njiani. Karatasi usiyoielewa isomwe kwanza na mjumbe wa chama.

Kwa ndugu wa Dzaleka kuna uzito zaidi. Kambi hii, ambayo zamani ilikuwa jela ya wafungwa wa siasa, ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ikiweka masharti yake juu ya kazi na juu ya kutembea. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wanakaa nje warudi kambini, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakamata. Kwa hiyo mkimbizi akigongwa nje ya kambi bila karatasi ya ruhusa, huogopa kituo cha polisi kuliko anavyoogopa jeraha, na madereva wengine wanaijua hofu hiyo na kuitumia.

Tunasema hivi. Karatasi ya ruhusa ni jambo moja, na mguu wako ni jambo jingine. Kukosa karatasi hakumpi dereva ruhusa ya kukugonga, wala hakuifuti bima yake. Usiende peke yako. Tafuta kiongozi wa jamii, mtu wa shirika linaloshughulika na sheria kambini, au mjumbe wa chama, akusindikize. Na kabla ya kutoka, kila inapowezekana, chukua ruhusa yako na uifunge kwenye plastiki pamoja na kitambulisho, ili isiharibiwe na mvua wala jasho.

KAZI YA CHAMA

Yote tuliyoyasema hapo juu ni ya mtu mmoja kujikinga. Lakini mtu mmoja anayejikinga kila siku, asubuhi na jioni, miaka kumi, siku moja atateleza. Tunayotaka ni kupunguza hatari yenyewe.

Ajali ikitokea njiani mwajiri husema kazi huanzia getini. Lakini duniani jambo hili limekwisha kufikiriwa. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unazitaka nchi zilizoukubali zieleze ni wakati gani ajali ya njiani itahesabiwa kuwa ajali ya kazini. Itifaki ya mwaka 2002, iliyoongezwa kwenye Mkataba namba 155, inaieleza hata njia yenyewe: kati ya mahali pa kazi na nyumbani, au mahali mfanyakazi anapokula, au anapopokea mshahara wake. Malawi ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Tusingoje mtu avunjike ndipo tubishane juu ya maana yake. Tuandike jambo la safari katika mkataba wa pamoja na mwajiri. Na ikumbukwe kwamba mtu aliyetumwa na mnyapara kwenda mahali fulani kwa baiskeli yuko kazini, hata kama geti liko kilomita kumi nyuma yake.

Haya ndiyo madai ambayo kila tawi linaweza kuyapeleka mezani mwaka huu:

1. Kuanzia Mei mpaka Agosti zamu ya mchana itoke saa kumi na nusu jioni au mapema zaidi, na kuingia kusogezwe ipasavyo, ili watu wafike nyumbani kungali na mwanga.

2. Malori ya kampuni na ya wanaoibebea mizigo yasitoke getini katika nusu saa ambayo wafanyakazi wa baiskeli wanatoka. Hili halimgharimu mwajiri chochote isipokuwa kutazama saa.

3. Kila mfanyakazi wa baiskeli apewe fulana ya kung'aa na taa ya nyuma, kama anavyopewa vifaa vingine vya kujikinga.

4. Pawe na mahali penye paa na mlinzi pa kuweka baiskeli, na siku moja kila mwezi fundi aje kutazama breki.

5. Mkataba wa kampuni na wenye malori useme mwendo usiozidi ule wa sheria, na dereva asilipwe kwa namna inayomlazimisha kukimbia.

Hilo la tano litazamwe kwa makini. Hapo dereva wa lori si adui yetu tena, ni mwenzetu. Akipunguziwa mbio zake, yeye anapata usingizi na sisi tunapata uhai. Matawi yazungumze na vyama vya madereva kabla ya kwenda mezani.

Kisha liko dai kwa halmashauri na serikali: barabara zinapopanuliwa na kujengwa upya, njia ya baiskeli isiachwe nje. Tusidharau nguvu ya kudai. Katika Uholanzi, nchi ambayo leo inasifiwa kwa baiskeli zake, mwaka 1971 watu kama 3,300 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi na wapanda baiskeli waliingia mabarabarani wakidai mauaji ya watoto yakome. Njia za baiskeli za leo zilitokana na kelele zile, hazikutoka katika huruma ya madereva. Karibu na sisi, Dar es Salaam, waendesha baiskeli walijiunga katika umoja wao unaoitwa UWABA, wakafanya misafara ya baiskeli mjini kudai njia zao. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, barabara ya Morogoro ilikuwa imejengwa na njia ya baiskeli pembeni. Mahali pengine pikipiki na wachuuzi huiziba, na kuilinda ni kazi nyingine. Lakini njia ipo, na kilichopo kinaweza kulindwa.

Ndugu wafanyakazi, katika mkutano ujao wa tawi kila mwenye baiskeli aje na mambo mawili yaliyoandikwa: namba ya gari lililombana mwezi huu, na mahali palipo pabaya kuliko pote katika njia yake. Katibu ayakusanye katika daftari moja, yasomwe mbele ya wote, kisha nakala zipelekwe kwa mwajiri na kwa polisi wa usalama barabarani. Asiyejua kuandika aseme, mwenzake ataandika. Wa kabaza nao, hata kama hawajawa wanachama, wakaribishwe, maana wao wanaijua barabara kuliko sisi sote.

Mpaka siku hiyo, funga mzigo vizuri, kaa kushoto, washa taa, na mwenye hasira mwachie apite. Nyumbani wanakungoja.

Umoja ni nguvu.